Ramani Niliyoitungia Maswali

Wanangu walikuja Jumapili moja baada ya misa, wamevaa nguo za kanisani na nyuso za kikao. Nikajua wameshapangana. Mkubwa, wa kiume, aliangalia viatu vyake. Mdogo wake, wa kike, ndiye aliyepewa usemaji. Alianza kwa kulisifu gari langu, akapitia kwenye afya yangu, akatua kwenye dereva. Walikuwa wamempata mtu mzima, mstaarabu, anayesali kwetu. Yeye ataendesha, na wewe mama utakaa kushoto unapumzika.

Kushoto nimekaa miaka thelathini na mbili. Marehemu baba yao aliendesha, mimi nikashika mkoba na kumwambia pale mbele kuna shimo, naye akaliingia. Nilipostaafu ualimu niliapa kwamba kiinua mgongo changu, kabla hakijaliwa na michango ya harusi, kitanunua gari na nitaliendesha mwenyewe. Nilijifunza udereva nikiwa na miaka sitini na moja, darasa moja na vijana ambao mama zao niliwafundisha jiografia. Mtihani wa barabarani nilifaulu mara ya kwanza. Wawili kati yao hawakufaulu. Gari lenyewe ni dogo, la milango mitatu, si jipya, lakini magurudumu yote manne yanavuta, na tumbo lake limeinuka kama mama aliyekunja kanga avuke maji.

Nikawaambia aliyepumzika ni baba yenu, mimi bado. Kisha nikaweka sharti ambalo hakuna aliyenilazimisha kuliweka. Kaka yangu anaishi kijiji cha mwambao, ng'ambo ya ghuba, upande wa Sengerema. Kwenda kwake kwa barabara kuu hata mbuzi anaweza. Mimi nitavuka na kivuko cha kwanza, nitaiacha barabara kuu, nitafuata njia ya kandokando ya ziwa, ile ya mawe na mchanga, peke yangu. Na kabla jua halijazama nitawapigia simu nikiwa nimeketi sebuleni kwa mjomba wao. Nikishindwa, ufunguo wa gari ni wao, watafute hata madereva watano.

"Ni haki hiyo, si ndiyo?" nikamwuliza mkubwa.

"Ndiyo, mama."

Ana miaka thelathini na nane, na ofisini kwake watu wanamsikiliza. Kwangu hajawahi kuwa na jibu lingine, na nilizoea kujisifu kwa hilo mbele ya akina mama wenzangu.

Nilijipa wiki mbili za kuchagua vitabu na ramani, na sitadanganya, zilikuwa wiki tamu. Mtu aliyefundisha usomaji wa ramani maisha yake yote hasubiri barabara. Yeye safari yake huanzia mezani. Nilishuka Nyamagana, katikati ya jiji la Mwanza, nikazunguka kwa wauza vitabu vya mitumba, wale wanaovipanga juu ya turubai kando ya njia. Mmoja alinishikisha kitabu kinene cha kuongoza watalii, kilichoandikwa na wageni, akanihakikishia kwamba Tanzania yote imo humo na nusu ya Kenya. Nikanunua. Nilipofika nyumbani nikakifungua nikiwa na kalamu nyekundu, kwa mazoea. Mwanza ilikuwa na kurasa tatu: mawe, samaki, hoteli, na onyo kuhusu wezi wa simu. Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, na ngoma zake, yalipata aya nzima. Ng'ambo ya ghuba, huko ninakokwenda mimi, ilipata sentensi moja: barabara za huko ni mbovu na msafiri hana sababu ya kuzipita. Nikaandika pembeni, "Hoja haina ushahidi, rudia." Nilimpa mwandishi alama tatu kwa kumi, na hizo tatu ni kwa sababu ya mawe.

Jirani yangu, ambaye alifanya kazi za barabara mpaka akastaafu, akaniazima kijitabu chenye jedwali la njia za vijijini. Kila njia ilikuwa na maelezo ya hali yake: inapitika, inapitika kwa shida, haipitiki masika. Njia yangu ya kando ya ziwa ilikuwa peke yake katika ukurasa ule. Iliandikwa "itapitika". Nilimwuliza jirani itapitika lini, akasema yeye alistaafu kabla hawajamwambia.

Binti yangu naye akaniwekea ramani kwenye simu. Ina kidoti cha bluu ambacho ndicho wewe. Siku ya kwanza kidoti kilinionyesha nimesimama bafuni kwa jirani, wakati nimeketi barazani kwangu namenya mihogo. Nikakifuata mpaka ng'ambo ya ghuba, nikakuta eneo lote la mwambao ni jeupe tupu, na kijinjia kimoja cha kijivu kinachoanza pasipo na kitu na kuishia pasipo na kitu. Nikamwambia asante mwanangu, simu nitaitumia kupigia.

Mwisho nikashusha kutoka juu ya kabati ile niliyojua tangu mwanzo kwamba ndiyo nitaichukua. Ni karatasi kubwa ya serikali, skeli ya moja kwa elfu hamsini, yaani kila sentimita mbili ni kilomita moja ya ardhi. Ina kila kilima kwa mistari yake ya kontua, kila kijito, kila kanisa, na njia ya kandokando ya ziwa imechorwa kwa vistari vilivyokatika, maana yake gari hupita wakati wa kiangazi. Kwa miaka ishirini na miwili niliitungia maswali karatasi ile. Pima urefu wa njia kutoka kivukoni mpaka shuleni. Eleza kwa nini wakazi wa kaskazini-mashariki ni wavuvi. Sikuwahi kuikanyaga njia yenyewe hata hatua moja, lakini ningeweza kuichora nimefumba macho.

Nikaipima kwa uzi, kama nilivyofundisha: unaulaza uzi juu ya njia, kona kwa kona, kisha unaunyoosha kwenye skeli. Kilomita thelathini na nane. Kwa mwendo wa kobe, saa tatu. Nikaongeza saa mbili za kusalimia watu, maana kule huwezi kupita kimya. Binti yangu alikuwa ananitazama, akasema ramani hiyo ni ya zamani kuliko yeye. Nikamjibu kwamba milima haijahama. Vitabu vyote viwili nikaviacha mezani.

Asubuhi ya safari nilivuka gari langu likiwa limebanwa kati ya lori la saruji na pikipiki zilizobeba matenga ya nyanya. Kufikia saa mbili nilikuwa nimeshaiacha barabara kuu, na niseme wazi kwamba nilifurahi kupita kiasi. Kilima cha kwanza kilikuja mkono wa kulia, mahali pale pale nilipokiweka kwenye mitihani. Korongo likaja kwa zamu yake. Kanisa nalo likaja, limebadilishwa bati tu. Nilikuwa naongea peke yangu ndani ya gari, nawasahihisha wanafunzi wasiokuwepo. Nilipanda mawe kwa gia ya chini, nikavuka mchanga bila kugusa breki, na nikatamani yule dereva mstaarabu angekuwa amekaa kushoto anione.

Saa nne njia ikaingia ziwani.

Sitii chumvi. Njia iliteremka taratibu, ikaingia majini, na mbele kama mita mia tatu hivi ikatoka tena ng'ambo na kuendelea na safari yake. Katikati mafunjo yalikuwa yameota, na miti mikavu imesimama ndani ya maji na ndege weusi juu yake. Miaka hii ziwa limepanda. Pale mjini niliona kwa macho yangu maji yakiingia kwenye bustani za watu, nikawasikitikia. Kwa namna fulani sikufikiri kwamba maji yale yale yangefika mpaka kwenye karatasi yangu. Milima, kweli, haikuwa imehama.

Basi nikaamua kuzungukia juu, na kuzunguka maana yake ni kuuliza. Mimi si mtu wa kuona haya kuuliza. Wanaume wawili walikuwa wanashona nyavu kwenye kivuli cha kibanda. Tukasalimiana Kisukuma inavyopaswa, mwangaluka mayu, yaani habari za asubuhi mama, mwangaluka, habari za nyumbani, habari za utokako. Nilipojitambulisha kuwa ni mwalimu wakasimama wote wawili. Nikawaonyesha njia ya mkono wa kushoto, nikasema hii inazunguka kilima na kutokea shuleni, si ndiyo? Wakatazamana. Wakasema ndiyo, mwalimu. Nikaifuata dakika arobaini, ikaishia kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe.

Nikarudi. Mtu wa bodaboda akakubali kwamba ndiyo, mama, nikikatisha kwenye mihogo ni karibu zaidi. Njia ile ikaishia kwenye mihogo. Kina mama wawili waliobeba kuni wakakubali kwamba ndiyo, mbele kuna daraja. Lilikuwepo kweli, limelala kifudifudi mtoni. Kufikia saa tisa nilikuwa nimekasirika hasa. Nilijisemea kwamba watu wa siku hizi hawana aibu, wanamdanganya mtu mzima mchana kweupe, na sijui walifundishwa na nani.

Hatimaye nikatokea kwenye mwalo, pale mitumbwi inapopakulia samaki. Dagaa walikuwa wameanikwa ufukwe mzima, na mwanamke mmoja wa makamo alikuwa anawageuza kwa fagio la vijiti. Aliponiona nashuka akaacha kazi, akafuta mikono kwenye kanga, akapiga goti kidogo, akasema shikamoo mwalimu. Nilimfundisha jiografia kidato cha pili na cha tatu, akasema. Sikumkumbuka, nikasema namkumbuka sana. Nikamweleza ninakokwenda, nikanyoosha kidole kwenye njia inayoambaa na maji.

"Hii inafika, si ndiyo?"

"Ndiyo, mwalimu."

Nikamshukuru, nikawasha gari. Nilikuwa nimekwenda kama mita hamsini nilipomwona kwenye kioo. Hakuwa amerudi kwa dagaa wake. Alikuwa amesimama pale pale, mkono kichwani, ananitazama kama mtu anayeona chungu kikianguka. Nikasimama, nikarudi kinyumenyume mpaka kwake, nikamwuliza mbona ananitazama hivyo. Kisha akasema njia imekatika baada ya ile kona, maji yameila, na gari la wanunuzi wa dagaa lilikaa mle siku mbili.

"Sasa kwa nini umesema ndiyo?"

"Ulishasema inafika, mwalimu."

Hakusema kwa kejeli. Alijibu kama mtu aliyepewa swali rahisi. Na kwa kuwa sikumwondolea macho, akaongeza kwamba zamani darasani niliwahi kuuliza kama wameelewa, na yeye akasema hapana. "Nilisimama mpaka kengele ikalia," akasema.

Yeye sikumkumbuka, lakini kusimama huko nilikukumbuka, maana ndio uliokuwa utaratibu wangu. Nilikuwa nauliza, tumeelewa, si ndiyo? Darasa zima likaitika ndiyo mwalimu, nami nikafuta ubao. Aliyesema hajaelewa nilimwona anachelewesha wenzake, nikamsimamisha atafakari. Walimu wenzangu walitembea na fimbo. Mimi nilijivuna kwamba fimbo sikuwahi kuishika. Niliwafikiria wale washona nyavu walivyotazamana, na mtu wa bodaboda, na kina mama wa kuni. Hakuna aliyenidanganya. Kila mmoja nilimpa jibu langu mkononi, akanirudishia kwa heshima. Niliona aibu pale ufukweni, aibu ya kweli. Nikamwambia mwanafunzi wangu anisamehe. Akasema hakuna neno, mwalimu, lakini kwa jinsi alivyolisema haraka sikuweza kujua kama lilikuwepo au halikuwepo.

Nikaitandaza ramani juu ya boneti, nikaweka mikono yangu nyuma, nikamwomba anieleze yeye. Alingoja nianze. Sikuanza. Kunyamaza kule kulinitoa jasho kuliko mchanga wote wa siku ile, na mara mbili nilifungua mdomo nikaufunga. Mwisho akaweka kidole chake chenye magamba ya dagaa juu ya karatasi. Kijiji hiki hakipo tena, kimehamia juu. Kanisa hili ni lile lile. Hapa, pale mistari ya kontua inapoachana, mikokoteni ya ng'ombe imefungua njia nyuma ya kilima, na gari kama hili linapita. Mtoni usifuate mchanga, fuata mawe. Alikuwa anaisoma karatasi ile vizuri kuliko wengi niliowapa alama za juu, na nilipotazama kidole chake kinavyopita nikaona njia nzima ambayo sikuwahi kuiuliza kwenye mtihani wowote.

Nikamwuliza nikiondoka sasa hivi jua litanikuta wapi. Akatazama jua, akatazama magurudumu, akanitazama mimi.

"Hapana, mwalimu," akasema. "Kwa leo hufiki."

Akanikaribisha nilale kwake, asubuhi mume wake atanitangulia kwa baiskeli mpaka nyuma ya kilima. Nilikubali. Kisha nikaenda kukaa kwenye mtumbwi mmoja uliopinduliwa, kwa sababu ufunguo nilikuwa nao mkononi na ulikuwa si wangu tena.

Niseme na hili. Nilifikiria kudanganya. Kaka yangu angenisaidia kwa furaha. Tangu utotoni yeye ni mtu wa kunifichia makosa. Ningepiga simu, nikasema nimefika, mjomba wenu anawasalimu, mmesikia, si ndiyo? Na mkubwa angejibu ndiyo, mama. Niliisikia sauti yake kabisa akiisema. Hapo nikashtuka, maana niligundua kwamba katika ndiyo zote alizonipa kwa miaka thelathini na nane, sikujua zipi zilikuwa zake na zipi zilikuwa zangu. Shule aliyokwenda, nilimchagulia mimi. Kazi, niliitaja mimi. Siku tulipompeleka baba yake hospitali nilimwambia wewe baki na nyumba, si ndiyo? Akabaki na nyumba, na baba yake hakurudi.

Jua lilipojificha nyuma ya kilima, simu ikaita. Ni yeye.

"Jua limezama, mama," akasema. Hakuuliza kama nimefika.

Nikamwambia sijafika. Nikamwambia nimepotea tangu saa nne, kosa ni langu na si la njia, nitalala mwaloni kwa mwanafunzi wangu wa zamani, na sharti nililoliweka mwenyewe nimelishindwa kwa haki. Jumamosi aje achukue ufunguo. Mdomo wangu ulikuwa tayari na ile "si ndiyo?" yake, nikaung'ata.

"Hapana," akasema.

Nilidhani mtandao umekatika. Akarudia. "Hapana, mama. Ufunguo siutaki."

Nikamwuliza anataka nini. Safari hii sikumjibia. Halafu akasema anaogopa. Tangu tumzike baba yake, kila namba asiyoijua ikimpigia anadhani ni mtu anayetaka kumpa habari yangu. Wazo la dereva lilikuwa lake. Alimtanguliza mdogo wake kwa sababu hakujua namna ya kuniambia mimi kitu ambacho sijakisema kwanza. Angependa niendeshe. Angependa pia aulizwe kabla sijaondoka, aulizwe kweli, na pengine angesema anakuja. Na ile siku ya hospitali, akasema, hakutaka kubaki na nyumba.

Machozi yalinitoka, na wala sikuyafuta. Nikamwuliza na nini kingine. Kilikuwepo kingine. Aliongea mpaka salio lake likaisha. Nikampigia, naye akaendelea pale alipoishia.